Karatasi mbili za rufaa

Mzee mmoja alikuwa akija kwangu kila mwezi kupimwa presha, na kila mwezi ilikuwa juu. Nikapandisha dozi, kisha nikamwongezea dawa ya pili. Siku moja nikamuuliza, bila hata kupanga, "Mzee wangu, usingizi unapata?" Akacheka. Tangu mkewe afariki, alisema, halali bila chupa.

Nilimwandikia rufaa mbili na kujiona nimemaliza kazi. Kwenye kliniki ya waraibu wakamwambia atibiwe kwanza sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Kwa daktari wa akili wakamwambia aache pombe kwanza. Akarudi nyumbani, nami sikumwona kwa miezi minane.

Kama unahudumu zahanati au kituo cha afya, tibu sonona na ulevi kwa pamoja, hapo hapo unapopimia presha. Na uulize kila mgonjwa, si yule anayenuka pombe tu. Hapo hakuna atakayeona amenyooshewa kidole. Mimi natumia AUDIT, maswali 10 ya pombe yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani. Akifikisha alama 8, tunakaa tuongee. Kwa sonona kuna PHQ-9, dodoso la maswali tisa, na alama 10 hunitosha kuchimba zaidi. Swali lake la mwisho, la mawazo ya kujidhuru, nililiruka kwa muda mrefu nikihofia kumtia mtu wazo asilokuwa nalo. Hofu ya bure. Kuuliza hakupandi wazo, na wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyethubutu.

Kosa jingine langu lingeweza kuua. Anayekunywa sana kila siku usimwambie "acha leo leo." Arosto ya pombe, yaani mwili kuikosa ghafla pombe uliyoizoea, inaweza kuleta degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha kwa baadhi yao kuweweseka na kuona visivyokuwepo. Huyo anahitaji kuangaliwa, diazepam (dawa ya kutuliza) kwa mpango, na thiamini (vitamini B1).

Mtaniambia hakuna daktari wa akili wa kutosha. Ni kweli, lakini si lazima amwone kila mtu. Marekani walijaribu hili kwa wazee 1,801 wenye sonona, matokeo yakatoka mwaka 2002: mhudumu mmoja anawafuatilia wagonjwa, daktari wao wa kawaida anaandika dawa, na bingwa anapitia orodha na kushauri. Baada ya mwaka, asilimia 45 walikuwa wamepungukiwa dalili kwa nusu au zaidi; waliopata huduma ya kawaida, 19.

Siri iko kwenye kufuatilia. Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne kuonyesha kazi, ilhali kichefuchefu huja siku za kwanza, kwa hiyo mtu huziacha kabla hazijamsaidia. Piga simu wiki ya kwanza.

Mzee wangu nilimpigia mwenyewe. Bado kuna siku anakunywa, na huniambia. Ile dawa ya pili ya presha tumeshaiondoa.