Kwa anayeanza kazi chumba cha udhibiti wa gridi zilizounganishwa

Kwanza ijue laini yako. Ile ya Wolayta-Sodo (Ethiopia) hadi Suswa (Kenya), kilomita zipatazo 1,045, ni ya mkondo mnyoofu (DC), kilovoti 500. Kinachopita ni kile kilichopangwa, na masafa (mizunguko ya umeme kwa sekunde, yaani hezi) ya Ethiopia yakiyumba, Kenya haiyumbi nayo. Ya Isinya (Kenya), Namanga, Arusha hadi Singida (Tanzania) ni ya mkondo geu (AC), kilovoti 400. Hapo mashine za Kenya na Tanzania zinazunguka pamoja: mtambo ukidondoka Kidatu, papo hapo megawati zinavutwa kutoka upande wa pili bila mtu kupiga simu.

Laini ndefu yenye mzigo mdogo hupandisha msongo (volti) upande wa mbali, kwa sababu yenyewe inazalisha megavari (nguvu isiyofanya kazi halisi, lakini inayopandisha msongo). Washa riakta (koili inayomeza megavari) kabla ya kuipa laini umeme, siyo baada. Ipe umeme kutoka upande mmoja tu, kisha ufunge breka (swichi kubwa ya laini) upande wa pili baada ya kulinganisha msongo, masafa na pembe (mawimbi ya umeme ya pande mbili yamepishana nyuzi ngapi). Usiidharau tofauti ya masafa ya hezi 0.1: pembe inasogea nyuzi 36 kila sekunde, na ukichelewa sekunde moja, shafti za jenereta ndizo zinazopata kishindo. Rilei ya ulinganishi (kifaa kinachoruhusu breka ifungwe pande mbili zikilingana) ikikataa, tafuta sababu. Usiipite kamwe.

Ratiba ziandikwe kwa saa 24, zikitaja ni saa za nchi gani. Umeme wa Rusumo unagawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, na Kigali iko nyuma ya Dodoma kwa saa moja. Ukisema kwenye simu "saa mbili", mwingine ataandika 02:00.

Linalosahaulika zaidi ni akiba. Laini ya jirani ni chanzo kinachoweza kudondoka kama mtambo mwingine wowote, hivyo akiba yako inayozunguka (megawati za ziada kwenye mitambo ambayo tayari inazunguka) itoshe kufidia chanzo kikubwa kuliko vyote, laini ikiwemo. Hatari ni kubwa zaidi usiku wa manane: matumizi yameshuka, megawati 200 zinazoingia zimekuwa sehemu kubwa ya mzigo, na mitambo ya ndani iliyowashwa ni michache. Zikikatika, masafa yanashuka kwa kasi na rilei zinaanza kukata wateja.

Jirani akikubeba kwa megawati zake baada ya wewe kupoteza mtambo, pandisha mitambo yako mpaka mtiririko urudi kwenye ratiba. Mpigie mapema umweleze umepoteza megawati ngapi na utazirudisha lini, ili naye ajue akiba yake itabaki imetumika mpaka saa ngapi.