Kabla Mvua za Novemba Hazijaanza: Ushauri kwa Kamati za Maafa za Kigoma Kuhusu Mawasiliano

Katika miaka niliyofanya kazi ya ufundi wa minara ya simu mkoani Kigoma, na baadaye nilipokuwa nikialikwa kwenye vikao vya kamati ya maafa ya wilaya kama mtaalamu wa mawasiliano, nimeshuhudia kuwa mtandao unapozimika wakati wa maafa, ni nadra chanzo kuwa mitambo yenyewe. Mara nyingi mnara unakuwa mzima. Kinachokosekana ni dizeli, njia ya kuifikisha, au ruhusa ya mtu ambaye wakati huo hapatikani. Mambo hayo hayamalizwi na kampuni peke yake wala na serikali peke yake, ndiyo maana ushauri wangu kwa viongozi wa wilaya na kata unahusu zaidi makubaliano ya kuandikiana mapema kuliko vifaa vya kununua.

Jambo la kwanza ambalo wajumbe wengi hushangaa kulisikia ni kwamba kampuni ambayo jina lake limeandikwa kwenye laini yako, kwa kawaida, siyo mwenye mnara. Minara mingi nchini inamilikiwa na kampuni nyingine zinazowapangisha watoa huduma nafasi ya kufunga mitambo yao, na kazi ya kujaza dizeli na kutengeneza jenereta hupewa mkandarasi wa tatu, ambaye huenda ofisi yake iko Mwanza au Dar es Salaam. Kwa hiyo mkuu wa wilaya anayempigia meneja wa mauzo wa kampuni ya simu usiku wa mafuriko anampigia mtu mwenye nia njema lakini asiye na ufunguo wa geti. Umeme wa TANESCO ukikatika, betri za mnara huchukua mzigo kwa saa kadhaa tu, kisha jenereta huwaka, na baada ya hapo uhai wa mawasiliano ya kata nzima unategemea kilichobaki kwenye tangi.

Msimu mmoja wa mvua nilikuwa na timu iliyopeleka mafuta kwenye mnara wa kusini mwa mkoa, kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa vijiji kama Buhingu na Kalya, wakati barabara ilikuwa imefungwa kwa magari mazito. Gari letu lilizuiwa kwenye kizuizi, na kwa haki kabisa, kwa kuwa askari aliyekuwepo hakuwa na waraka wowote unaomweleza kuwa lori la dizeli ya mnara ni gari la huduma ya dharura. Ofisi iliyopaswa kutoa kibali ilikuwa mjini, na sisi tuliokuwa tunatafuta kibali tulikuwa tayari nje ya mtandao. Mafuta yalifika baadaye kwa boti, kwenye madumu, kwa msaada wa wavuvi ambao hawakuwa sehemu ya mpango wowote.

Barua moja ingetosha. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia ngazi ya taifa hadi ya kijiji, kwa hiyo chombo cha kuiandika kipo. Barua hiyo iyataje magari ya mkandarasi kwa namba zake, iruhusu yapite penye vizuizi, ieleze ni minara ipi ya wilaya inayojazwa mafuta kwanza (mimi ningetanguliza inayohudumia hospitali, kituo cha polisi na bandari), na iambatanishe majina ya watu wawili wa kila upande wanaoweza kutoa uamuzi usiku. Kampuni nazo ziahidi kwa maandishi kiasi cha chini cha dizeli kitakachokuwa tangini ifikapo mwisho wa Oktoba. Ahadi ya mdomo haitoshi, hasa kwa kuwa watumishi wa pande zote mbili huhamishwa.

Mzigo wa watu nao ufikiriwe. Mwezi Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijaa Kagunga, kijiji cha mpakani kilichokuwa kikifikiwa kwa maji tu, kipindupindu kikazuka, na MV Liemba ikatumika kuwasafirisha hadi Kigoma mjini. Mnara hujengwa kwa hesabu ya wakazi na wateja wanaotarajiwa. Idadi ikiongezeka ghafla namna ile, simu za sauti ndizo hukwama kwanza, wakati ujumbe mfupi bado unaweza kupenya. Kwa hiyo wahudumu wa afya na watendaji wazoeshwe kuandika ujumbe badala ya kupiga, na kamati iombe mapema utaratibu wa kuletewa mnara wa kuhamishika unaobebwa na lori, ingawa kwa Kagunga ya wakati ule lazima ungefikiria pia jinsi ya kuupakia kwenye meli.

Kuhusu tahadhari kwa wananchi, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za mvua kubwa, upepo mkali na mawimbi ziwani, lakini taarifa hiyo isipofika Kibirizi au Ujiji kabla boti hazijaondoka inabaki kuwa kumbukumbu ya ofisini. Ipo teknolojia inayorusha tangazo kutoka mnarani kwenda kwenye kila simu iliyo ndani ya eneo lake, bila kuhitaji orodha ya namba na bila kukwamishwa na msongamano kama ujumbe wa kawaida. Kuiwasha ni uamuzi wa kitaifa unaozihusu TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kampuni zote, na wilaya haiwezi kuusubiri. Kinachowezekana sasa ni orodha ya manahodha, wenyeviti wa vitongoji na watangazaji wa redio za jamii, inayohakikiwa kila mwaka kwa kuwapigia kweli.

Mpaka nao una vituko vyake. Simu iliyo ufukweni karibu na Burundi hunasa mtandao wa ng'ambo bila mwenyewe kujua, na wito wa dharura hupokelewa na mtandao ulioshika simu. Viwango vya simu za mkononi vinaruhusu namba ya dharura ya 112 ipite kwenye mtandao wowote unaopatikana, jambo jema Kasulu mjini na lenye utata Kagunga. Wakazi wa mpakani waelekezwe kuchagua mtandao wa Tanzania wenyewe kwenye mipangilio ya simu. Wanaotaka kujaribu kupiga 112 wapange kwanza na polisi.

Mashirika yaliyohudumia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta yana uzoefu wa redio za mawasiliano na vifaa vya setilaiti. Mkataba wa kimataifa wa Tampere, uliopitishwa mwaka 1998 na kuanza kutumika Januari 2005, ulitungwa ili vifaa vya namna hiyo visizuiliwe mipakani na taratibu za leseni na forodha wakati watu wanahitaji msaada. Msimamo wangu ni kwamba maofisa wa TCRA na wa forodha waalikwe kwenye kikao cha kamati ya maafa cha Oktoba pamoja na mkandarasi wa dizeli, TANESCO, wakala wa barabara TANROADS na mwakilishi wa wenye boti. Mkandarasi huyo ndiye anayesahaulika kualikwa kila mwaka. Barua yake ya mwaliko itumwe moja kwa moja kwake, isipitie kampuni ya simu, na kikao kisifungwe kabla hajataja kiasi cha mafuta kilichopo kwenye kila mnara wa wilaya.