Maswali Yenu: Nani Alizisoma Barua za Newton?

*Shikamoo Mwalimu. Toleo lililopita ulituambia kuwa Isaac Newton alitangaza ugunduzi wake kuhusu mwanga na rangi kwa barua, si kwa kitabu. Nimeshindwa kuelewa. Mtu ana jambo zito namna ile, halafu analiandika kwenye karatasi na kumtumia mtu mwingine? Hakuogopa kuibiwa?*
— Mwanafunzi wa fizikia, mwaka wa pili

Marahaba, mwanangu. Aliogopa sana, na wenzake waliogopa vilevile. Ila hofu hiyohiyo ndiyo iliyowasukuma kuandika.

Wewe unaifikiria barua kama siri ya watu wawili. Kwa wanafalsafa wa maumbile, kama walivyoitwa wanasayansi wa Uingereza ya karne ya 17, barua ya kisayansi haikuwa siri hata kidogo. Newton aliandika ile yake akiwa Cambridge tarehe 6 Februari 1672, akamwandikia Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London. Tarehe 8 ikasomwa kwa sauti mbele ya wanachama. Tarehe 19 ilikuwa imekwisha kuchapishwa katika Philosophical Transactions, jarida ambalo Oldenburg mwenyewe alilianzisha Machi 1665. Hesabu siku hizo, kisha umuulize mhadhiri wako makala yake ya mwisho ilikaa muda gani kwa wahariri.

Kwa hiyo ukitaka ijulikane kwamba wewe ndiye wa kwanza, dawa ilikuwa kuandika upesi. Barua ilinakiliwa katika madaftari ya Jumuiya pamoja na tarehe yake, na kuanzia hapo hakuna ambaye angedai kuwa alikutangulia bila kuumbuka. Aliyekuwa hatarini hasa ni yule aliyeficha kazi yake kabatini.

Hapa niruhusu nimsemee Oldenburg, maana vitabu vya shule vinampita kama hayupo. Alikuwa Mjerumani kutoka Bremen, akaingia Uingereza mwaka 1653 kwa shughuli za kidiplomasia za mji wake. Hakugundua sayari wala kanuni yoyote. Kazi yake ilikuwa kuandika na kujibu: Kiingereza kwa Waingereza, Kilatini kwa wasomi wa nchi nyingine, na Kifaransa au Kijerumani palipohitajika. Alikuwa akimpelekea huyu swali la yule, akimchokoza aliyekaa kimya, na akimpa mtu wa Danzig habari za mtu wa Paris. Kwa maoni yangu, ukimwondoa Newton, sayansi ya wakati ule inapungukiwa na kichwa kikubwa. Ukimwondoa Oldenburg, vichwa vyote vinabaki kila kimoja chumbani kwake.

Na kazi hiyo ilimponza. Kiangazi cha 1667 Uingereza ilikuwa vitani na Uholanzi. Mgeni anayepokea barua kutoka kila pembe ya Ulaya unadhani serikali itamwonaje? Alikamatwa akatiwa katika Mnara wa London, akakaa humo miezi miwili hivi. Cha kuchekesha ni kwamba serikali hiyohiyo ilikuwa imeshanufaika na barua zake. Wenzake wa nje walikuwa wakiandika kwenye bahasha jina la “Grubendol, London”. Zipange upya herufi za Oldenburg utampata huyo Grubendol. Barua za namna hiyo zilipitia ofisi ya waziri wa mfalme, Oldenburg hakulipa gharama ya posta, na yeye akaipa ofisi hiyo habari za siasa zilizomo. Niliposema “bahasha” nimeteleza kwa mazoea tu: walikuwa wakiikunja karatasi yenyewe, wakaifunga kwa lakiri, na anwani ikaandikwa kwa nje.

Mfano mzuri wa kazi ya katibu huyu ni barua za Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo wa Delft, Uholanzi. Hakujua Kilatini. Daktari wa mjini kwake, Reinier de Graaf, ndiye aliyemtambulisha kwa Oldenburg mwaka 1673, vita au si vita. Oktoba 1676 Leeuwenhoek akaandika barua ndefu kwa Kiholanzi. Alikuwa ameloweka pilipili manga katika maji ili ajue kwa nini inawasha, na chini ya lenzi yake akaona vijidudu visivyohesabika vikiogelea. Oldenburg akatafsiri sehemu kubwa kwa Kiingereza na kuichapisha mwaka uliofuata. London hawakuamini. Leeuwenhoek akaleta ushahidi wa maandishi wa watu wanane waliojionea kwa macho yao, wachungaji wakiwamo. Hatimaye Robert Hooke, mtaalamu wa majaribio wa Jumuiya, alirudia jaribio hilo kwa hadubini mbele ya wanachama mnamo Novemba 1677, na vijidudu vikaonekana. Oldenburg hakuishi kuliona hilo. Alifariki Septemba ya mwaka huohuo.

Sasa kuhusu wizi. Waliotaka kudai haki bila kufichua jambo walikuwa na ujanja wao. Waliandika ugunduzi kwa sentensi ya Kilatini, wakazichanganya herufi zake, na kutuma mchanganyiko huo. Ukitokea ubishi, mwenyewe anazipanga herufi mbele ya watu: “Mnaona? Nilikuwa nayo tangu mwaka fulani.” Newton alifanya hivyo Oktoba 1676 katika barua iliyomwendea Leibniz, mwanahisabati Mjerumani, kupitia kwa Oldenburg: aliandika orodha ya herufi na idadi zake, na ndani yake ilifichwa kanuni ya hesabu yake mpya, ile tunayoiita leo kalkulasi. Leibniz asingeweza kuifumbua hata angekesha mwaka mzima. Miaka baadaye wawili hao walipogombania nani alitangulia, barua hizo zilikuwa miongoni mwa vielelezo.

Hooke naye alimshambulia Oldenburg hadharani. Mwanasayansi Mholanzi Christiaan Huygens alikuwa ameandika London mwaka 1675 kuhusu saa yenye kamani ya kuongoza mwendo wa gurudumu la mizani, na Hooke akadai wazo lilikuwa lake, akamshutumu katibu kuwa anafanya biashara ya habari. Mimi hapo namtetea katibu. Lakini Hooke hakuwa mwendawazimu: anayezisoma barua za watu wote lazima atashukiwa.

Newton mwenyewe je? Barua yake ya rangi ilimletea kero kuliko sifa. Hooke alitoa ukosoaji wake ndani ya wiki moja, akafuata padri Pardies wa Paris, kisha Wajesuti (watawa wa Kikatoliki) wa Liège, miaka kadhaa ya jibu na jibu la jibu. Mwishoni mwa 1676 alimwandikia Oldenburg akilalamika kuwa amegeuka mtumwa wa falsafa. Kitabu chake cha mwanga alikitoa 1704, mwaka mmoja baada ya kifo cha Hooke. Hilo sidhani kama lilitokea kwa bahati.

*Mwalimu, salaam. Mimi ni mstaafu wa posta. Nani alikuwa analipia barua zote hizo?*
— Mstaafu

Mzee mwenzangu, alilipa anayepokea. Kwa viwango vya sheria ya 1660, barua ya karatasi moja ndani ya Uingereza ilikuwa peni 2 ikiwa safari haizidi maili 80, yaani kilomita 130 hivi, na peni 3 ikizidi. Karatasi mbili, bei mara mbili. Ndiyo maana utaona barua za zamani zimejazwa hadi pembezoni. Kuanzia 1661 posta ilianza kugonga muhuri wa siku na mwezi ili wabebaji wasizicheleweshe barua kisha wakasingizia barabara. Wewe unalijua hilo vizuri kuliko mimi.

*Habari za kazi, Mwalimu. Mimi ni muuguzi. Je, ni kweli madaktari wa Kiingereza walikuwa wakitibu wagonjwa kwa barua bila kuwaona? Na je, barua hizo zilisaidia tiba kwa lolote, au zilikuwa porojo za mabwana wakubwa?*
— Muuguzi wa zamu ya usiku

Pole na zamu. Ni kweli, na ilikuwa jambo la kawaida. Mgonjwa mwenye uwezo anayeishi mashambani aliandika, au aliandikiwa na daktari wake wa karibu: umri, mwili wake ulivyo, analala vipi, choo kikoje, dawa zipi zimeshindwa. Daktari mkubwa wa London alijibu kwa ushauri na maelezo ya dawa. Hans Sloane, aliyekuja kuwa rais wa Chuo cha Madaktari na baadaye wa Royal Society pia, alipokea barua nyingi sana za aina hiyo na hakuzitupa. Zimehifadhiwa Maktaba ya Uingereza hadi leo. Usishangae sana. Daktari wa zama zile alitegemea zaidi simulizi ya mgonjwa kuliko kumpapasa. Stethoskopu haikuwapo, na kipimajoto hakikuwa kifaa cha kila siku. Kilichowakera wasomi ni tabia ya kumpelekea tabibu chupa ya mkojo peke yake ili aubashirie ugonjwa.

Ukitaka kusikia sauti ya daktari akiwa ametulia, soma barua za Thomas Browne wa Norwich kwa mwanawe Edward, daktari wa London. Mzee yule alimwandikia mwanawe kuhusu wagonjwa, mimea, upasuaji wa maiti, na mambo ya nyumbani, vyote katika karatasi moja. Mwanzoni mwa 1682 Edward alikuwa na mbuni, mmoja wa wale walioletwa na balozi wa Morocco. Baba akawaka kwa hamu. Watu waliamini kwamba mbuni humeng’enya chuma, na Browne alikwisha kuijadili imani hiyo kwa shaka katika kitabu chake cha 1646. Sasa mbuni mwenyewe yuko nyumbani kwa mwanawe! Akamshauri kwamba akitaka kumjaribu kwa chuma akifunge ndani ya kinyunga cha unga. Ndege huyo maskini hakuumaliza msimu wa baridi.

Lakini umeuliza kama zilisaidia. Jibu langu ni ndui.

Mwaka 1714 Philosophical Transactions lilichapisha maelezo ya daktari Emanuel Timonius aliyoandika kutoka Constantinople (leo Istanbul): watu wa huko huchukua usaha wa mgonjwa wa ndui na kuutia katika mkwaruzo wa ngozi ya mtu mzima wa afya, naye huugua kidogo na kupona. Aliyewasilisha maelezo hayo ni daktari John Woodward wa London. Mwaka 1716 Woodward akapata barua nyingine, kutoka Boston, koloni la Kiingereza Amerika. Mchungaji Cotton Mather alimwambia kwamba habari hiyo haikuwa ngeni kwake. Alikuwa na mtumwa Mwafrika aliyeitwa Onesimus. Alipomuuliza kama amewahi kuugua ndui, Onesimus alijibu: ndiyo na siyo. Akaeleza kwamba kwao Afrika alifanyiwa kitendo hichohicho, akaonyesha kovu mkononi.

Tulia kidogo hapo, dada yangu. Mtu aliyenyang’anywa hata jina lake la kuzaliwa ndiye aliyeieleza tiba ya kwao, na barua iliyoivusha bahari ikasainiwa na bwana wake. Boston ilipokumbwa na ndui mwaka 1721, uchanjaji wa namna hii ulifanywa huko kwa mara ya kwanza, kwa msukumo wa Mather.

London nako walianza mwaka huohuo na mabishano yakawa makali. Wapo waliohubiri kanisani kwamba ni dhambi. Aliyeleta utulivu ni daktari James Jurin, katibu wa Royal Society tangu mwishoni mwa 1721. Thomas Nettleton, daktari wa Halifax huko Yorkshire, alikuwa ameandika kuwaeleza London watu aliowachanja na matokeo yake, pamoja na hesabu za waliougua ndui ya kawaida katika miji ya jirani. Jurin akaona njia. Akatangaza kwamba kila daktari aliyechanja amwandikie: nani, umri gani, ndui ilitoka siku ya ngapi, kapona au kafa. Barua zikamiminika kutoka wilayani, naye akawa anachapisha majumlisho yake mwaka hadi mwaka. Kwa walioipata ndui kwa njia ya kawaida, alikufa takribani mmoja kati ya watano au sita. Kwa waliochanjwa, takribani mmoja kati ya 50.

Leo chanjo yenye vifo vya kiwango hicho isingekubalika popote. Kwa mzazi wa mwaka 1725 hiyo ilikuwa tofauti kubwa sana, na kwa mara ya kwanza aliweza kuipima kwa namba badala ya kusikiliza nani anapaza sauti. Fomu unazojaza kila zamu, zile zinazokuudhi, ni ndugu wa barua za Jurin.

*Mwalimu, kwenye picha ya barua ya Newton uliyochapisha naona tarehe imeandikwa 1671/72. Hakujua ni mwaka gani?*
— Msomaji mdadisi

Alijua. Uingereza ilifuata kalenda ya zamani, na kisheria mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi. Kwa hiyo Februari ilikuwa bado 1671 kwa sheria na 1672 kwa mazoea ya wengi, na mwandishi makini aliiweka yote miwili. Tena tarehe zao zilikuwa nyuma ya zile za Paris kwa siku kumi wakati huo. Barua iliyoandikwa Paris tarehe 20, ikisafiri siku sita, ilimfikia Oldenburg tarehe 16. Mambo hayo yaliendelea hadi Waingereza walipobadili kalenda mwaka 1752.