Sheria zilizobadili maisha ya watu: maswali yenu wiki hii

Wiki iliyopita niligusia kidogo jinsi viongozi na sheria zilivyogeuza maisha ya watu wa kawaida, maswali yakaja mengi kuliko nilivyotegemea. Nimechukua sita, mengine yatafuata.

"Ticha alituambia utumwa Zanzibar uliisha 1873, kitabu kinasema 1897. Tuandike ipi?" (Mwanafunzi, Unguja)

Zote mbili ni sahihi ila ni vitu viwili tofauti, usivichanganye. Tarehe 5 Juni 1873 Sultan Barghash alisaini mkataba na Waingereza kupitia konseli wao, yaani mwakilishi wa serikali yao Zanzibar, John Kirk, na hakusaini kwa kupenda, alikataa kwanza, wakamtishia kwamba manowari zitafunga bahari isiingie wala isitoke meli. Hapo kilichopigwa marufuku ni biashara, yaani kusafirisha watu baharini, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, pale pale ndo lilipojengwa kanisa la Waanglikana unaloliona leo. Lakini yule aliyekuwa mtumwa kwenye shamba la mikarafuu aliamka mtumwa siku ile na akalala mtumwa.

Tarehe 6 Aprili 1897 ndo Sultan Hamoud bin Mohammed akatoa amri yenyewe, na hii naomba uisome taratibu maana haikusema "kuanzia leo wote mko huru". Ilisema mahakama hazitamtambua tena mtu kama mali ya mwenzie, ila anayetaka uhuru aende mwenyewe akauombe, bwana wake alipwe fidia, na aliyeachiwa aonyeshe ana pa kukaa na pa kupatia riziki, la sivyo anahesabiwa mzururaji. Masuria, yaani watumwa wa kike waliowekwa kinyumba na mabwana zao, waliachwa nje mpaka 1909. Sasa mfikirie mama mmoja yuko Pemba, korti iko mbali, kibanda anacholala ni cha bwana, mihogo aliyoipanda iko kwenye ardhi ya bwana, aende akaombe uhuru halafu jioni arudi wapi? Ndo maana wengi walibaki palepale wakapatana upya, nakaa kwako nalima changu, na siku kadhaa za wiki nakufanyia kazi.

Kinachonigusa mimi zaidi ni nguo. Watumwa walivaa merikani na kaniki, vitambaa duni vya pamba, kichwa wazi, miguu peku. Baada ya amri ile watu wakaanza kujivika wenyewe, wanaume kanzu na kofia, wanawake kanga na baadaye buibui, hakuna kifungu kilichowaambia wafanye hivyo, waliamua wao kwamba uhuru uonekane barabarani. Mfano ni mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, alizaliwa Fumba karibu 1880 kwenye familia ya watumwa, akahamia mjini, na 1928 akaenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Kwenye mtihani andika 1873 biashara, 1897 hadhi ya kisheria, na ukipata nafasi ongeza 1909.

"Mwalimu Nyerere alifuta machifu na yeye baba yake alikuwa chifu, alipata wapi ujasiri?" (Msomaji, Musoma)

Ni kweli, mzee Burito Nyerere alikuwa chifu wa Wazanaki. Sheria ya kuwaondolea machifu madaraka ilipita 1963. Shida ilikuwa kwamba Waingereza waliwatumia kukusanya kodi na kuhukumu kesi, kwahiyo kijijini chifu ndo alikuwa serikali, na nchi mpya ilitaka serikali iwe moja. Wengine waliingia kwenye mfumo mpya, Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe akawa Spika wa Bunge, ila mwingine, Abdallah Fundikira, chifu wa Unyanyembe aliyekuwa Waziri wa Sheria, alijiuzulu mwaka huohuo. Heshima yao kwa watu wao haikufutika, kilichofutika ni mamlaka.

"Sheria inaweza kubadili mila kweli? Kwetu mila ni mila." (Baba wa watoto wanne, Bukoba)

Inategemea sheria inamfuata nani na inampa nini. Nikupe mifano miwili.

Meru, Kenya, 1956. Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la jadi la Wameru, wakisukumwa na maofisa wa kikoloni, walipiga marufuku ukeketaji. Wanaume watupu wamekaa wamewaamulia wanawake, tena wakati wa hali ya hatari ya Mau Mau, na mabinti hawakuulizwa. Kilichotokea ni kwamba wasichana walinunua nyembe madukani wakakeketana wenyewe kwa wenyewe, wakaitwa Ngaitana, maana yake "nitajitahiri mwenyewe". Ndani ya miaka mitatu zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa. Mi naamini kabisa ukeketaji ni madhara kwa mtoto wa kike, na Kenya ilitunga sheria kali 2011, ila marufuku ile ya 1956 iliwafanya mabinti waone wembe ndo uhuru wao, na hilo linaniumiza kila nikilisoma.

Mfano wa pili ni huko huko kwenu Kagera. Mama mmoja, Holaria Pastory, alirithi shamba kwa baba yake kwa wosia, akaliuza. Ndugu wa ukoo akaenda mahakamani, kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akasema hapana, haki za binadamu zimeshaingia kwenye Katiba tangu 1984, mwanamke na mwanaume wana haki sawa juu ya ardhi hiyo. Halafu 1999 zikaja sheria mbili za ardhi zikaliweka hilo wazi. Angalia tofauti, Meru sheria ilimfuata binti na adhabu, Kagera ilimkuta mama ameshasimama na madai yake ikamshika mkono.

"Nimekaa na mume miaka 16 bila ajira, akiniacha natoka na nini?" (Mama K, Dodoma)

Dada yangu pole, na usikubali kuambiwa hukuchangia kitu. Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo kwa wakati wake ilileta ubishi mkubwa, iliipa mahakama uwezo wa kugawa mali mliyochuma pamoja, ikasema pia hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Lakini mahakimu waligawanyika, kupika na kulea ni mchango au sio mchango? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ikasema ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao wa nyumba, na bado wanawake wa miaka arobaini iliyofuata wamesimama mahakamani kwa jina lake. Nenda kwa wasaidizi wa kisheria hapo wilayani, beba cheti cha ndoa na risiti zozote ulizonazo.

"Kiongozi anaweza kubadili watu bila sheria yoyote?" (Msomaji, Iringa)

Anaweza. Mwaka 1973 kampeni ya afya ya serikali ya Mwalimu Nyerere, Mtu ni Afya, ilikusanya watu kama milioni mbili kwenye vikundi kuzunguka redio, wanasikiliza kipindi, wanajadili, wakitoka hapo wanachimba choo. Bibi yangu alikuwa kwenye kikundi, redio iliwekwa juu ya kinu kilichogeuzwa, na choo walichochimba kilitumika mpaka mimi nimekua.

"Kwanini umri wa kuolewa haubadiliki?" (Binti wa form four, Shinyanga)

Sheria ile ile ya 1971 niliyoisifu hapo juu inaruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na 14 kwa kibali cha mahakama, wakati mvulana ni 18. Mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, alifungua kesi kupinga vifungu hivyo, Mahakama Kuu ikampa ushindi Julai 2016, serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Kurekebisha maandishi ni kazi ya Bunge, na mbunge wako ana ofisi jimboni. Andika barua, saini wewe na darasa lako lote, mpelekeeni mkiwa na sare za shule.