Kabla hujakaa kwenye meza ya poka ya skrini

Poka za skrini ziko za aina mbili, na usipozitofautisha mapema utaliwa kabla hata hujajua umeingia mchezo gani. Kuna mashine ya mtu mmoja: unakaa peke yako, inakupa karata tano, unachagua za kushika na za kutupa, halafu inakulipa kufuatana na jedwali lililoandikwa usoni mwake. Hapo unacheza na kasino yenyewe. Halafu kuna meza kubwa ya watu kumi hivi, kila mmoja na skrini yake mbele yake, na skrini pana katikati inayoonyesha karata za pamoja, ambazo kila mchezaji anaziunganisha na mbili zake za siri. Hapo unashindana na watu wenzako, na kasino inachukua makato yake tu.

Ya mashine nitaimaliza kwa maneno machache. Soma jedwali kabla ya kuingiza pesa. Katika ile poka ya kawaida inayoanza kulipa ukipata jozi ya ghulamu (J) au zaidi, tazama mistari miwili: ful hausi (karata tatu za namba moja na jozi ya nyingine) na flashi (karata tano za alama moja). Ikilipa 9 na 6 kwa kila 1 unayoweka, mchezaji asiyekosea hata mara moja anarudishiwa takriban asilimia 99.5 ya anachoweka katika muda mrefu. Ikilipa 8 na 5, anashuka hadi asilimia 97.3. Mashine mbili zinasimama bega kwa bega, rangi moja, muziki mmoja, na moja inakula zaidi ya mara tano ya nyingine. Watu wengi hawasomi. Wewe soma.

Sasa meza ya watu kumi, ambayo ndiyo hasa nataka tuizungumze.

Nilizifahamu meza hizi nilipokuwa naishi South Bend, Indiana. Ukiendesha gari kuelekea Ziwa Michigan, haichukui saa nzima kufika New Buffalo, ambako kuna kasino inaitwa Four Winds, mali ya Wapotawatomi wa Pokagon, wenyeji wa asili wa eneo lile. Ilipofunguliwa Agosti 2007, chumba chake cha poka kiliwekwa meza za PokerPro, zilizotengenezwa na kampuni ya PokerTek ya North Carolina. Hakuna mgawaji, hakuna karata za kushika, hakuna vile vipande vya plastiki vya kurundika mbele yako. Meza kama hizo ziliwekwa pia kwenye meli za kitalii za Carnival, na mwaka 2008 hoteli ya Excalibur pale Las Vegas iligeuza chumba chake chote cha poka kuwa cha skrini, ingawa baadaye wagawaji walirudishwa. Leo kampuni ya Jackpot Digital ya Kanada ndiyo inayoendeleza kazi hiyo kwa meza zake za Jackpot Blitz.

Jambo ninalotaka ulishike kabla ya yote ni kasi. Mgawaji wa kawaida anachanga karata, anagawa, anahesabu dau la huyu, anamngoja yule anayefikiri huku akichezea vipande vyake. Kwa saa moja mnacheza mikono, yaani mizunguko kamili ya mchezo, 30 hivi. Kwenye skrini karata zinachangwa na kugawiwa papo hapo, hesabu haikosewi, hakuna anayecheza kabla ya zamu yake kwa sababu vitufe vyake havifanyi kazi mpaka zamu ifike. Mnaweza kufika mikono 45 au zaidi. Wengi hulichukulia hilo kuwa starehe tupu, nami naamini ndipo pesa zinapoondokea.

Tupige hesabu pamoja. Chukua meza ya dola 1 na 2, yaani madau mawili ya lazima yanayoanzisha kila mkono. Kasino inakata asilimia 10 ya chungu, yaani pesa zote zilizowekwa katika mkono huo, mpaka kikomo cha dola 4, na kwa kawaida haikati kitu mkono ukiisha kabla ya karata tatu za kwanza kufunguliwa mezani. Tuseme wastani wa makato unakuwa dola 2.50 kwa mkono. Kwa mikono 45, kasino inatoa mezani dola 112 kila saa. Mkiwa watu tisa, kila mmoja amelipa dola 12 na ushee kwa saa, ashinde asishinde.

Kwenye meza ya mgawaji, mikono 30 inatoa dola 75 za makato. Lakini kule mshindi wa kila chungu humwachia mgawaji bakshishi ya dola moja, kwa hiyo ongeza dola 30. Jumla dola 105. Unaona? Watu wanakimbilia skrini kwa sababu haina bakshishi, kumbe kwa saa gharama ni karibu ileile, hata imezidi kidogo. Nafuu ya kweli iko kwenye kila mkono: kwenye skrini mkono mmoja unakugharimu wewe na wenzako dola 2.50, kwa mgawaji dola 3.50. Kwa hiyo mtu anayejua kucheza anafaidika na skrini, maana anapata mikono mingi kwa bei ndogo. Asiyejua anafika mwisho wa pesa zake mapema zaidi. Ni meza ileile.

Endelea na hesabu hiyo kwa saa tano. Watu tisa walikaa na dola 100 kila mmoja, jumla 900. Baada ya saa tano kasino imechukua zaidi ya 560. Zinazobaki mezani, mkigawana, hazifiki dola 38 kwa mtu. Mtu mmoja akiondoka na 250, ujue wanane wamegawana kilichobaki, na kilichobaki ni kidogo sana. Mimi huwa nawaomba wanaoanza wapige hesabu hii wenyewe kwa kalamu, kwa makato ya kasino watakayokwenda, kabla hawajawasha gari.

Ukishaamua kukaa, kuna mambo ya mikono na macho. Unafungua akaunti kwa keshia, unapewa kadi na namba ya siri, unaweka pesa, unachagua kiti. Karata zako mbili zinatokea kwenye skrini yako zikiwa zimelala kifudifudi. Kuzitazama kuna namna yake: weka kiganja cha kushoto kimesimama kama ukuta upande wa mbele, kidole cha kulia kiguse kona ya karata, na kona inainuka kidogo tu, ukaona namba na alama, shupaza au kopa au uru au pau. Ukiinua kidole, inalala tena. Mgeni hugusa huku ameegemea nyuma kwenye kiti, mikono wazi, na jirani wa kushoto na wa kulia wote wanasoma. Taa za kasino ni kali na skrini inang'aa. Inama kidogo, ziba, tazama mara moja, zikariri, basi. Kila unapozitazama tena baada ya karata tatu kufunguliwa, umemwambia mwenye macho kwamba hukumbuki alama, na anayetafuta kukumbuka alama mara nyingi anawinda flashi.

Kuongeza dau ni kwa kusogeza kidole kwenye mstari au kubonyeza kiasi. Soma namba kabla ya kuthibitisha. Kidole kikiteleza, ulitaka 12 ikawa 120, hakuna mgawaji wa kumwambia "samahani, sikukusudia".

Tena, kwa kuwa pesa ni namba tu kwenye kona ya skrini, moyo hauumi kama unavyouma ukisukuma noti. Nilimsikia mzee mmoja wa Tanga akimwambia kijana aliyekaa naye, "Mdogo wangu, kila ukibonyeza, fikiria hiyo ni noti unatoa mfukoni." Sijapata ushauri mfupi wenye faida kuliko huo kwa meza ya skrini.

Kuhusu kucheza kwenyewe. Mchezo ni Texas Hold'em: karata mbili zako, tano za wote mezani, zinazofunguliwa tatu kwanza, kisha moja, kisha moja ya mwisho. Kwenye madau madogo, watu wamekuja kucheza, hawakuja kutupa karata. Wanafuata dau (wanalipa sawa na la mwenzao) na jozi ndogo, wanafuata na ree (A) moja, wanafuata kwa sababu wana hamu ya kuona. Kwa hiyo usipige mkwara, yaani usijifanye una karata nzuri wakati huna. Mkwara unamtisha mtu anayeweza kutupa karata, hawa hawatupi. Subiri karata nzuri, na ukizipata weka dau la maana, watakulipa. Jozi ya ree inakuja kwa wastani mara moja katika mikono 221, ambayo kwa kasi ya skrini ni kama saa tano. Ukikaa saa tatu bila kuziona, hujaonewa. Ukiwa na jozi ndogo, mfano saba mbili, uwezekano wa kuona saba ya tatu kwenye zile karata tatu za kwanza ni karibu asilimia 12. Kama kuingia ni rahisi, ingia utazame. Ikikosekana na mtu akaweka dau, tupa bila huzuni.

Hesabu ya kufuata dau nayo ni ya kujifunza nyumbani. Tuseme una shupaza mbili, mezani kuna karata nne, mbili ni shupaza. Unahitaji moja zaidi. Zimebaki shupaza tisa kati ya karata 46 usizoziona, yaani asilimia 19.6. Chungu kilikuwa na dola 24, mwenzako akaweka 12. Unatakiwa kulipa 12 kugombea 36, kwa hiyo unahitaji uwezekano wa angalau asilimia 25 ili usipoteze. Huna. Tupa, isipokuwa una hakika kwamba flashi ikitokea atakulipa zaidi. Lakini kama zimefunguliwa tatu tu, karata mbili bado zinakuja na mwenzako amemaliza pesa zake zote, uwezekano wako ni karibu asilimia 35. Hapo fuata. Meza ya skrini inakuandikia kiasi cha chungu muda wote, hivyo nusu ya kazi umeshafanyiwa.

Wanasema skrini imeua kusomana nyuso. Sikubali. Imehamisha tu. Tazama muda: anayebonyeza kufuata papo hapo mara nyingi ana karata za kati na hakufikiria kuongeza. Tazama macho: mtu akiona karata tatu zimemkubali, jicho lake linakwenda kwenye namba ya pesa zake, halafu kwenye ya kwako. Na tazama kidole kinachoelea juu ya kitufe kabla zamu yake haijafika.

Kuna jambo moja linatuhusu sisi tunaocheza ughaibuni. Vyumba vingi vya poka Marekani vina kanuni kwamba mkono ukiwa unaendelea, mezani inasemwa Kiingereza tu. Mkiwa Waswahili wawili, hata mkisalimiana "shikamoo, marahaba", wengine wana haki ya kushuku mnapeana siri za karata. Ongeeni kati ya mikono, au mkae meza tofauti. Na ukikaa na rafiki yako, cheza naye kama unavyocheza na wengine. Kumwonea huruma ndugu, ukamwachia chungu, ni kuwaibia wale wengine wote.

Upande wa pesa sina lugha laini. Pesa ya kutuma nyumbani itumwe kabla hujatoka. Ada ya shule ya mdogo wako, dawa za mama, kodi ya mwezi, hizo hazipandi gari kwenda kasino. Chukua kiasi ulichokwisha kukihesabu kuwa kimeondoka, kadi ya benki ibaki nyumbani, na amua saa ya kuondoka ukiwa bado mlangoni kwako. Skrini haikuchoshi kama meza ya mgawaji, haikupi mapumziko ya mgawaji kubadilishana zamu, ndiyo maana saa inayoamuliwa ukiwa mezani haifiki. Pointi za kadi ya mteja zinazokupa chakula cha bure zisikuongezee hata nusu saa. Chakula hicho umeshakilipia kwenye makato.

Kwa Muislamu kamari ni haramu, iwe ya dola moja au elfu, na makala hii haikuja kumshawishi. Wapo pia ambao hata kwa dola 20 hawawezi kuacha. Ukiona unakopa ili urudi mezani, au unamficha mwenzi wako ulikokuwa, huko Marekani piga 1-800-GAMBLER, ni bure na hawatangazi jina lako. Kasino nyingi zina fomu ya kujizuia mwenyewe: unaijaza, unapigwa picha, na kwa muda uliouchagua ukiingia unatolewa. Ukiishi Tanzania Bara, kasino ziko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na ukitaka jina lako lizuiwe, anza kwa kuuliza kwenye kasino yenyewe. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani akusindikize siku hiyo.