Majaji wa kwenye tamthilia na sheria ya utoaji mimba

Dada wa Nachingwea, umeuliza kama majaji wa tamthilia ile ya Kimarekani wanaweza kweli kubadili sheria ya utoaji mimba kwa hukumu moja, na kama Mahakama Kuu hapa Mtwara ingeweza kufanya vivyo hivyo. Kwa Marekani, ndiyo: mwaka 1973, katika shauri la Roe dhidi ya Wade, Mahakama ya Juu ilitamka kwamba Katiba inailinda haki hiyo, na tarehe 24 Juni 2022, katika shauri la Dobbs, mahakama hiyohiyo ikautengua uamuzi wake na kuyaachia majimbo yajiamulie. Mizengwe ya vyumbani mwa majaji katika tamthilia imetiwa chumvi, nadhani. Uzito wa kura ya jaji mmoja haukutiwa.

Kwetu, kosa hilo limo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo humwadhibu mtoaji kwa kifungo cha hadi miaka 14 na mwanamke mwenyewe hadi miaka 7, ingawa humkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Anayeipinga kikatiba husikilizwa na majaji 3 wa Mahakama Kuu, ambao Ibara ya 30(5) ya Katiba ya Tanzania inawaruhusu, badala ya kuibatilisha sheria, kuipa Serikali muda wa kuirekebisha.