Chiriku wapya kwenye banda lenye wenyeji: usiwafungulie bado

Waaleikum salaam ndugu yangu. Nimekusoma: banda liko kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba yenu hapo Amu (Lamu), ndani mna kanari, chiriku wa Kibengali na jozi ya cherero, wale kasuku wadogo, na sasa umenunua zebra finchi sita, aina ya chiriku, Mombasa na unataka kuwafungulia siku hiyohiyo wanayofika. Nakuomba usifanye hivyo. Mimi niko Malindi, nafuga ndege wa aina mchanganyiko kwa miaka mingi, na nitajibu kwa urefu kwa sababu hapa ndipo wenzetu wengi wanapopoteza ndege. Watu hudhani wageni hufa kwa kupigwa. Wanaokufa kwa kupigwa ni wachache. Wengi huja na maradhi, ama hufa njaa chakula kikiwa mbele yao.

Cherero watoe bandani kabla ya lolote lingine. Najua umesema hawajamgusa kanari, lakini subiri waanze kutaga. Mdomo wa cherero una nguvu ya kukata, na mguu wa chiriku ni mwembamba kama njiti ya kibiriti. Nimeona zebra finchi aliyekatwa vidole kwa sababu tu alitua karibu na tundu la cherero, wavu uko katikati. Wajengee banda lao, mbali kidogo.

Safari ya Mombasa mpaka Mokowe kwa basi, halafu boti, ni ndefu kwa ndege mwenye gramu 12 hadi 15 hivi. Mwili mdogo hivyo hauna akiba. Siku nzima bila kula inatosha kumuua. Mwambie anayewaleta awatie kwenye sanduku dogo lenye matundu ya hewa, sakafuni amwage ulezi na mawele, badala ya kibakuli cha maji aweke vipande vya tango, na juu afunike leso. Giza kidogo huwatuliza, wala wasifunikwe wakakosa hewa. Muulize pia muuzaji walikuwa wakila nini hasa, uwape ndege chakula kilekile mwanzoni. Ukibadilisha ghafla, ndege atachambua mbegu asizozijua na kuziacha. Maji ya kisima chako yakiwa na chumvi, wape ya kunywa mnayotumia wenyewe.

Sasa karantini, na hapa ndipo nakusihi usiharakishe. Siku 30 ndicho kiasi cha chini, na wafugaji wengi huifikisha 40. Iwe chumba kingine kabisa, si pembe nyingine ya kiwanda kilekile. Ukikosa chumba, basi angalia upepo: wakati wa kusi tundu la wageni likae upande wa kaskazini wa banda, na wakati wa kaskazi lihamie kusini, ili vumbi la manyoya na kinyesi lisipeperushwe kwa wenyeji. Asubuhi wahudumie wenyeji kwanza, wageni mwisho, kisha unawe mikono kwa sabuni. Ufagio, vibakuli na kitambaa cha wageni visitoke huko. Mkiwa na kuku nyumbani, viatu vya bandani kwa kuku visiingie kwa chiriku, maana kideri, ule ugonjwa wa kuku, hakichagui kuku peke yake.

Kila siku kaa ukawatazame kutoka mbali, bila wao kukuona, kwa sababu ndege mgonjwa hujikaza akiona mtu. Tafuta anayejifutua manyoya wakati wenzake wanaruka, anayetikisa mkia kila akivuta pumzi, mwenye uchafu umeganda nyuma. Mshike mara moja moja umpapase kidari: mfupa ukichoma kama ukingo, hali vya kutosha, hata kama unamwona kwenye sahani muda wote. Ukipata mizani ndogo ya kidijitali, ya aina wanayotumia masonara, pima kila wiki na uandike. Mizani itakuonyesha ugonjwa kabla ya macho yako.

Usiku, taa zikizimwa, sogea kimya usikilize. Sauti ndogo ya kugonga-gonga kwenye pumzi ni dalili ya utitiri wa vifuko vya hewa, wadudu wanaoishi ndani ya njia ya hewa ya ndege. Chiriku wa Gould na kanari ndio huathirika zaidi, nawe una kanari, ndiyo maana nalisisitiza. Mimi niliwahi kununua chiriku wa Gould aliyependeza, rangi zimeiva, mchana anaruka na kuimba. Usiku nikamsikia anagonga. Daktari wa mifugo alimtibu akapona, na kwa kuwa alikuwa peke yake chumbani, hakuna mwingine aliyeugua.

Dawa ya utitiri huo mara nyingi ni ivamektini, lakini sikiliza vizuri. Ile ya chupa inayouzwa agroveti ni ya ng'ombe na mbuzi, nguvu yake ni asilimia 1, yaani miligramu 10 kwa kila mililita. Kipimo kinachotumika kwa kawaida ni miligramu 0.2 kwa kilo moja ya uzito. Chiriku wa gramu 15 basi anahitaji miligramu 0.003, na tone moja la chupa ile lina dawa zaidi ya mara 100 ya hiyo. Watu humdondoshea ndege tone shingoni, akafa, wakasema ugonjwa ulikuwa mkali. Mpelekee daktari aipunguze yeye mwenyewe. Antibayotiki vilevile usiwatie kwenye maji eti kwa kujikinga.

Sakafu iwe kavu. Koksidia, vimelea vya utumbo, hutoka na kinyesi na huhitaji unyevu ili ziweze kuambukiza, kwa hiyo wakati wa masika badilisha mchanga mara kwa mara na uchunge mbegu zisiote ukungu. Masika pia ni msimu wa mbu, na mbu ndio hueneza ndui ya ndege. Kama unaweza kuchagua, waingize bandani mvua zikishatulia.

Karantini ikiisha salama, kuna jambo moja ambalo kwangu limeleta tofauti kubwa kuliko mengine yote. Wenyeji hawana chuki na mgeni, wanalinda mahali: fito fulani, pembe fulani, kiota. Basi watoe wenyeji kwa muda, uondoe mahali penyewe. Toa viota vyote, badilisha fito, leta vitawi vibichi vya mwarobaini au mvinje uvifunge kwengine kabisa, hamisha sahani. Wenyeji wakirudi bandani wawe nao hawajui pa kutua. Sahani ziwe zaidi ya mbili, mbalimbali, na kati yake pawe na majani, ili ndege mmoja mkali asiweze kuzilinda zote.

Kabla ya kuwafungulia, litie tundu la wageni ndani ya banda kwa wiki nzima. Lining'inie usawa wa kifua chako, kwa sababu juu kabisa ndipo kila ndege hupagombea. Weka chakula cha wenyeji karibu nalo, wale huku wanaonana. Halafu wafungulie asubuhi na mapema, wote sita kwa pamoja, na uliache tundu wazi likiwa na chakula walichokizoea. Wakitolewa jioni, giza huwakuta hawajajua fito iko wapi, na paka wa Amu akipita juu ya dari wataruka na kujigonga kwenye waya. Taa ndogo ya usiku husaidia sana siku za mwanzo.

Kaa nao siku hiyo. Kufukuzana kwa muda mfupi ni kawaida. Kisicho kawaida ni mgeni kushuka chini na kubaki huko, au kung'olewa manyoya kisogoni. Hapo mtoe yule anayepiga, umweke tundu la peke yake asikoona banda kwa wiki moja. Akirudi yeye ndiye atakuwa mgeni. Ukimtoa aliyepigwa, utarudia mambo yaleyale.

Jambo jingine: kuna vijana watakaokuuzia chiriku wa mwituni walionaswa kwa ulimbo. Usinunue. Chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013 huwezi kumfuga bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na wengi wao hufa kwa hofu na vimelea hata kabla karantini haijaisha.

Viota virudishe mwisho, wote wakishatulia, viwili kwa kila jozi na vyote kwa kimo kimoja. Zebra finchi hujenga juu ya mayai ya wenzake bila kusita, na wale wa Kibengali hulundikana usiku kwenye kiota chochote. Kwa hiyo kama kanari wako ameatamia sasa, ahirisha kuwafungulia wageni. Mayai yake huanguliwa kwa siku 14 hivi, na makinda hutoka kiotani baada ya kama wiki tatu.

Niambie pia madume ni wangapi kati ya hao sita. Dume ana mashavu ya rangi ya machungwa na mstari mweusi kifuani, jike ni kijivu mtupu, na mwenye mdomo mweusi bado ni kinda. Madume yakizidi majike tutafute pa kuyapeleka kabla hujarudisha viota.